Nywele za Matanga

DORCA: Haloo? Nani huyo?

ADERO: Waya, shangazi yangu, ni mimi Adero. Napiga kwa kibanda cha simu hapa chuo.

DORCA: Nyar owadwa! Mtoto wa kaka yangu! Ulifika salama kutoka matanga?

ADERO: Nilifika. Waya, wamenitoa kwa rumu.

DORCA: Wamekutoa? Nani ame—

ADERO: Wasichana wenzangu. Waliona kichwa imenyolewa—

DORCA: Si umefiwa na baba! Nilikunyoa mimi, na mkono yangu. Desturi hawajui?

ADERO: Niliwaambia ni ya msiba. Wakauliza baba aliugua nini. Nikasema alikonda.

DORCA: Wuololo! Kwa nini ukasema?

ADERO: Si alikonda? Si mimi nilikuwa namuosha? Wanasema basi na mimi ameniambukiza. Sasa godoro yangu iko koridoni. Sahani yangu wameitia alama na kamba ya kiatu, mtu asiikosee.

DORCA: Hao si watu! Na metroni?

ADERO: Ndiye alileta hiyo kamba.

DORCA: Haloo? Simu inakwaruza—

ADERO: Nasema ndiye alileta! Ananiambia nilale hapo nje mpaka nywele iote, ama nirudi nyumbani. Na Jumatatu ni mtihani ya mwisho. Nikikosa, basi, chuo imeisha.

DORCA: Haiishi! Kuja Migosi hapa kwangu. Mtihani utaenda ukitoka hapa. Damu yangu ilale koridoni na mimi niko hai? Wana roho mbaya hao!

ADERO: [Analia.] Asante, Waya. Nilijua tu. Nitalala na Rosa, msichana wako, kama zamani. Waya? Uko?

DORCA: Niko. Rosa siku hizi… analala vibaya. Wewe utalala kwa jiko ya nje. Nitafagia vizuri.

ADERO: Jikoni.

DORCA: Kuna joto hapo. Na godoro uje nayo. Unajua hapa kuna watoto wadogo, na mzee wangu naye ana maneno—

ADERO: Ngoja, simu inalia, inataka pesa. Niko na shilingi moja imebaki.

DORCA: Weka haraka! Adero, mama, usikasirike. Hata hiyo sahani yako, uje nayo.

ADERO: Na kamba yake?

DORCA: Adero… Umeweka hiyo shilingi?

ADERO: Sina, Waya.

DORCA: Si umesema uko na—

ADERO: Sina. Salimia Rosa.

[Simu inakatika.]