Gari Isiyojua Matope

Msifuni Bwana, ndugu zangu wa Londiani! Msifuni pamoja nami, kwa maana mtu mnayemwona amesimama hapa alikuwa amefungwa miaka mingi, na kilichomfunga hakikuwa pombe wala uchawi. Ilikuwa gari. Tena gari nzuri, ndugu zangu, gari ambayo watu walitoka Nairobi kuja kuiangalia tu.

Naitwa Joel arap Rotich. Natoka Kimulot, kule karibu na msitu wa Mau. Nilikuwa fundi katika gereji ya shamba moja kubwa la chai upande wa Kericho, nikitengeneza matrekta na malori ya kubeba majani ya chai. Meneja wetu alikuwa Mwingereza mzee ambaye hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na gari ya spoti aliyoileta kwa meli alipokuwa kijana: viti viwili tu vya ngozi, rangi ya kijani, paa la turubai, ringi za spoku kama baiskeli, na usukani wa mbao. Lakini wakati nilipoijua mimi, ilikuwa imelala nyuma ya stoo na kuku wanatagia ndani.

Alipostaafu, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, aliniita akanipa funguo na kitabu cha gari. Akasema, "Joel, nikiiacha hapa wataiuza kama chuma kikuukuu. Wewe utaifufua." Nikaivuta kwa trekta mpaka nyumbani.

Na niliifufua! Kila Jumamosi kwa miaka miwili nilikuwa chini ya ile gari, mimi na mdogo wangu Wesley. Wesley si fundi, ni mkulima wa chai, lakini ndiye aliyesugua kutu kwa msasa mpaka vidole vikatoka damu. Siku ilipowaka, Wesley alipiga kelele kama mtoto, akanikumbatia, akasema, "Kaka, baba angeona hii!" Nawaambieni, siku ile hiyo gari ilikuwa baraka. Ubaya haukuwa katika chuma.

Ubaya ulianza walipokuja wanunuzi. Wa kwanza alitaka kunipa bei ya ng'ombe wanne wa gredi. Nikakataa, maana nilikuwa naipenda. Mwaka uliofuata akaja mwingine na bei ya ekari mbili za chai. Sasa nikakataa kwa sababu nyingine: niliona kwamba nikingoja itapanda. Na ikapanda! Watu wa Nairobi wenye magari ya zamani walinieleza kwamba ya aina hiyo yamebaki machache sana Kenya, na kila moja linapokufa, yale yaliyobaki yanaongezeka thamani. Ndugu zangu, nilifika mahali nikisikia gari ya mtu imegonga mti kule Naivasha, moyo wangu unafurahi. Mtu amelazwa hospitalini, mimi nafurahi!

Nikaijengea nyumba ya mabati mapya na sakafu ya simenti. Mke wangu, Rael, akaja akasimama mlangoni akaangalia ile sakafu. Akasema, "Baba Chepkoech, gari inalala kwa simenti. Watoto wako wanalala kwa udongo." Nikamwambia angoje kidogo, tutauza, tutajenga nyumba ya mawe. Nilikuwa nampa jibu hilo kila mwaka.

Tena sikuiendesha. Kila safari inapunguza bei, kila mkwaruzo unapunguza bei. Mara mbili kwa mwaka, wakati wa jua la Januari, niliitoa mpaka kwa lami na kuirudisha. Siku nyingine niliiwasha humo ndani dakika chache, injini isije ikafa, halafu nikaifunika blanketi. Blanketi, ndugu zangu! Kimulot kuna baridi, mnajua.

Sasa nataka mnivumilie, kwa sababu nimefika mahali pagumu.

Ilikuwa mwezi wa nne, saa nane mchana. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na siku hiyo ikapumzika kidogo. Nilikuwa nimetoka tu kuzima injini, napangusa mikono, nikamwona Wesley anakuja mbio, miguu mitupu, matope mpaka magotini.

"Kaka, toa gari! Mama Kibet ana uchungu tangu asubuhi na mtoto hashuki. Mkunga amesema apelekwe Kericho sasa hivi. Lori la majani limekwama mtoni."

Mama Kibet ni mke wa Wesley, jina lake Chelangat. Ni mwanamke aliyenipikia chai miaka yote tuliyokuwa chini ya hiyo gari.

Nitawaambia ukweli wote, maana Mungu anaujua. Niliangalia kile kiti cha ngozi, nikaona damu juu yake. Niliona mawe ya barabarani yakikwaruza chini. Nikasikia sauti ya mnunuzi wa mwisho akitaja bei. Nikafungua kinywa nikasema, "Wesley, nimefungua kabureta. Leo haiwaki."

Wesley akasogea, akaweka kiganja chake juu ya boneti. Hakukiondoa haraka. Boneti ilikuwa na joto, ndugu zangu. Mtu aliyenisaidia kuiunda ile gari anajua boneti yenye joto ni nini. Akaniangalia usoni, kisha akasema, "Sawa, kaka." Akaondoka mbio.

Walimpeleka kwa trela ya trekta ya jirani. Njia ambayo gari ingemaliza kwa saa moja ilichukua saa nne. Mama Kibet aliokoka. Mtoto, msichana, hakuokoka. Daktari alimwambia Wesley kwamba wangefika mapema kidogo, labda.

Wengine huniambia, Joel, usijihukumu, gari hiyo iko chini sana, isingepita kwa matope. Mimi ni fundi miaka ishirini. Ingepita. Ingepoteza eksozi njiani, ingekwaruzwa kila mahali, lakini ingepita.

Tulimzika mtoto kwa shamba la Wesley, karibu na mipaka ya chai. Mimi ndiye niliyeshika jembe. Nilichimba lile kaburi dogo nikiwa najua, na Wesley amesimama kando yangu akijua. Hakusema neno kwangu. Hakusema kwa mtu yeyote. Tukaendelea kusalimiana, kupeana mbegu, kusaidiana kupogoa chai. Na bei ya gari ikaendelea kupanda.

Miaka miwili hivyo! Nilikuwa nakuja kanisani na kukaa nyuma. Nikitaka kuomba, kinywa kinafunguka lakini neno halitoki. Nilianza kuchukia watoto wa kike wadogo wakilia ibadani. Rael akauliza, "Una ugonjwa gani?" Nikamwambia ni kifua.

Halafu, Januari moja, Bwana alimtuma mtu, na mtu mwenyewe hakujua ametumwa. Alikuwa mzee mpole kutoka Nairobi, mwenye kofia ya kitambaa, mpenzi mkubwa wa magari ya zamani. Aliomba ruhusa, akatandika gazeti sakafuni, akalala chali na tochi, akaingia chini ya gari. Alikaa huko kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa na machozi machoni, nawaambia kweli, kwa furaha.

"Haijawahi kuona matope," akasema.

"Haijawahi," nikajibu, nikajisikia mkubwa.

"Hata wakati wa mvua hukuitoa?"

"Hata wakati wa mvua."

Akanipiga bega. "Wewe ni mtu wa pekee, bwana. Nimezunguka nchi hii yote. Kila mahali ni hadithi moja: mwenye gari alipata harusi, akaitoa. Alipata mgonjwa, akaitoa. Wewe hukuitoa kwa lolote. Ndiyo maana thamani yake ni hii." Akataja bei ambayo sikuwahi kuisikia.

Ndugu zangu, mzee yule alikuwa ananisifu! Lakini mimi nilisikia hukumu yangu ikisomwa. Alipata mgonjwa, akaitoa. Watu wote wa nchi hii, wenye dhambi na wasio na dhambi, walitoa magari yao! Mimi peke yangu sikuitoa, na sasa nalipwa kwa hilo. Nikakaa chini kwenye ile simenti na kulia mbele ya mgeni mpaka akaogopa akamwita Rael. Na hapo sakafuni, kwa mara ya kwanza kwa miaka miwili, neno lilitoka kinywani: "Yesu, nihurumie." Ni hilo tu. Lakini nilijua limesikika.

Sikungoja ibilisi anishauri. Nikamwacha mnunuzi na chai yake, nikaenda kwa Wesley. Nilimkuta akipogoa. Nikamwambia, "Siku ile kabureta haikuwa imefunguliwa."

Akaendelea kukata matawi mawili, matatu. "Najua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, kaka? Ningekuchukia mpaka nife. Nikakuweka mikononi mwa Mungu." Kisha akaweka kisu chini. "Lakini si mimi wa kuambiwa. Nenda kwa Mama Kibet. Yeye hajui."

Chelangat alikuwa akipukuchua mahindi. Nikabaki nimesimama, sikuthubutu kuchukua kiti. Nilipomaliza kusema, mikono yake ilikuwa imesimama ndani ya kikapu. Nilidhani atanilaani. Nilidhani atauliza bei ya ile gari. Akauliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Baba Chepkoech, unajua asubuhi ile nilikuwa wapi? Nilikwenda kuchuma chai. Uchungu ulianza nikiwa shambani, nikamaliza mistari yangu miwili kwanza. Mama yako alisema ndiyo sababu mtoto alikufa. Alisema mbele ya wanawake kwa kituo cha majani, kwamba nilipenda chai kuliko mtoto. Miaka miwili wananiangalia hivyo. Na mimi nikaamini."

Niliomba msamaha. Nikamwambia nitauza gari, nimpe pesa zote.

"Pesa sitaki. Hiyo gari sitaki hata kuiona. Nenda useme mahali wale wanawake wanasikia."

Ndugu zangu, kufa ni rahisi kuliko hapo! Jumapili ya kwanza nilipoitwa mbele kanisani kwetu kushuhudia, nilisema nina mafua. Jumapili ya pili nilitoka nje kabla ya shuhuda. Jumapili ya tatu Rael, ambaye sasa alijua yote, alikaa kwenye mwisho wa benchi, upande wa njia, akaniangalia tu. Nikasimama.

Nikasema yote, kama ninavyowaambia leo. Nikasema, "Mama Kibet hakuchelewa. Mimi ndiye niliyemchelewesha. Mkitaka kumwangalia mtu vibaya, niangalieni mimi." Kisha nikaona mama yangu mzazi, mzee wa fimbo, akiinuka. Alitembea polepole kutoka benchi la mbele mpaka kule nyuma kwa Chelangat. Akatupa fimbo chini, akamshika mikono yote miwili, akasema kwa Kikipsigis, kwa sauti ambayo kila mtu alisikia, "Mwanangu, nilikusema uongo. Nilikuumiza juu ya maumivu." Chelangat akapiga ukelele. Huo ndio ulikuwa uchungu wake wa kweli, aliokuwa ameufunga miaka miwili, na Mungu akaufungua mbele ya macho yetu. Wanawake wakamzunguka. Wale wale wa kituo cha majani, wakilia.

Gari iliuzwa kwa yule mzee wa kofia. Nilimweleza kwa nini haikuwahi kuona matope. Alivua kofia, na nadhani atalikumbuka hilo kila akiiendesha. Bei msiniulize. Tulinunua pikapu kuukuu, inabeba majani, maziwa, na mtu yeyote anayeumwa, na funguo zake zinakaa kwa Wesley. Mwaka huu mtu wa Nairobi alinipigia simu ya posta akisema gari ile sasa ina thamani mara mbili. Nikamwuliza kama mvua imenyesha kwao. Haleluya! Nilikuwa huru!

Lakini nisiwadanganye. Msamaha wa Mungu niliupata siku ile sakafuni. Wa Mama Kibet ulichukua muda. Aliniambia, "Bado. Nikiweza utajua." Misimu miwili ya mvua ikapita. Tulipokutana njiani alinisalimia kwa heshima akapita. Sikumsukuma. Mtu uliyemwumiza hana deni la kukusamehe haraka.

Basi mwezi uliopita nilipita shambani kwa Wesley nikienda kituo cha majani. Chelangat alikuwa amejaza kikapu mpaka juu, cha mwisho cha siku, na wenzake wametangulia. Akaangalia kulia na kushoto. Kisha akaniangalia mimi, akageuza mgongo, akasema, "Baba Chepkoech, nitwike."

Nilikiinua, nikamwekea mgongoni, nikanyoosha mkanda kwa paji la uso wake. Akasema, "Asante." Akaenda. Nilibaki pale na majani mikononi, nikikumbuka neno lake, "Utajua," nikimshukuru Mungu aliye hai.

Ndugu yangu, dada yangu unayenisikia. Labda wewe huna gari. Una shamba, una mahali pa heshima, una neno ulilosema siku moja mtu akaumia, nawe umelifunika blanketi na unaliangalia likipanda thamani. Mpe Yesu leo. Usingoje mnunuzi aje kukusifu. Kuna mtu mahali fulani anabeba lawama yako, anaamini ni yake, na wewe peke yako ndiwe unayeweza kumweka huru kwa neno moja. Njoo mbele, tutaomba pamoja, kisha nenda kwa huyo mtu ukiwa bado una machozi. Nitakwenda nawe kama unaogopa. Mimi pia niliogopa.