Wivu wa Fundi Warsame

Tarehe 30 Juni 1986, Fundi Warsame anastaafu baada ya miaka kumi na tano kwenye meza ya dirishani ya duka letu la saa hapa Isiolo.

Saa za bei kali zilimjia kutoka kila upande: za wafanyabiashara wa mifugo wa Merti, za maafisa wa jeshi, hata za madaktari wa Meru. Vumbi letu huingia popote, lakini si ndani ya saa aliyoifunga yeye. Alisafisha kila gurudumu, akatia mafuta kwa ncha ya sindano, kisha akailaza saa chali, kifudifudi na ubavuni, aone kama mwendo utabadilika. Mteja mwenye haraka alipewa chai, saa hakupewa.

Lakini hakuna aliyemshinda kwa wivu. Ndani ya mfuniko wa kila saa aliyoihudumia alichora alama yake, ngamia mdogo kuliko punje ya mchele, katikati kabisa. Tangu hapo saa ile ilikuwa yake. Mwaka wa 1979 Bwana Roble wa Merti alifunguliwa saa na fundi mwingine akiwa safarini. Warsame alipokuta alama ngeni kando ya ngamia wake, aliifunga saa na kuirudisha kwa kidole kimoja.

"Warsame, hii ni saa tu, si bibi!" Roble akacheka.

"Bibi angeona haya," Fundi akajibu. Roble alileta maziwa ya ngamia mara nyingi ndipo akasamehewa.

Wengine walimcheka. Mimi, niliyeolewa na Dahir wangu juzi tu baada ya Idi na bado nakosea chenji kwa furaha, namwelewa kabisa. Dahir akisifu chapati za jirani, chakula hakinishuki.

Aliyeumizwa na wivu huo ni Sora, anayepaswa kurithi meza. Miaka minane amekaa kando ya Fundi akitengeneza saa za ukutani, wala hajaruhusiwa kufungua saa yenye ngamia. Wateja walishaanza kusema Fundi akiondoka watapeleka saa zao Nairobi.

Wiki iliyopita nilileta saa ya Uswisi ya Dahir, aliyoachiwa na baba yake. Nilitaka Fundi awe wa mwisho kuigusa. Alipomaliza, alinipa lenzi nitazame. Ngamia hakuwa katikati! Alisimama ukingoni, ameelekea mahali patupu. Fundi akamsogezea Sora saa ile na kumpa sindano ya kuchorea.

"Pole pole," alimwambia, kisha akageuka kutazama barabara mpaka kazi ikaisha. Hakuweza kuangalia. Mimi niliangalia kwa niaba yake: ngamia sasa ni wawili.

Asante, Fundi, kwa kutufundisha kupenda kazi hivyo. Pumzika kwa afya na amani nyumbani Wabera. Na hongera kwa mke wako, Mama Khadijo, aliyevumilia wake wenza wa Uswisi miaka yote hii. Sasa wewe ni wake peke yake.

Shamis, wa kaunta