Ubao Uliolika Katikati

Sikilizeni wanangu, na wewe Idder ukae, usisimame mlangoni kama mgeni anayetafuta viatu vyake, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kumwita mtu mara mbili. Bassou, niinue kidogo. Hapo hapo.

Mashamba na milozi yatagawiwa kwa sheria ya Mungu, hayo sina la kusema. Na zamu yetu ya maji ya mfereji, Jumanne asubuhi, msiiache ipotee kwa kununiana. Ninalousia mimi ni ubao wangu wa mti wa jozi, huo uliotundikwa juu ya kichwa changu. Ushusheni. Upitisheni vidole katikati. Mnaona ulivyolika? Miaka hamsini nimefundisha chuo cha Kurani katika kijiji hiki, na miaka hamsini nimewaacha watu waseme, "Fakihi Lahsen alisikia sura mara moja tu, ikaganda kichwani." Hata nyinyi niliwaambia hivyo. Uongo, wanangu. Sura moja niliiandika na kuifuta, kuiandika na kuifuta, misimu miwili ya baridi, mwalimu wangu akinicheka mbele ya wenzangu, na ubao huo niliuchakaza mwenyewe kwa kuusugua kwa maji na udongo. Niliona aibu. Nilitaka mjue mna baba mwenye kipaji, siyo baba aliyesota.

Na aibu yangu ndiyo iliyowaumiza nyinyi. Idder, ulikuwa na miaka saba na ulimi mwepesi, nikatangaza sokoni kwamba umezaliwa na akili zako. Siku ya kupambiwa ubao, mtoto anapohitimu sura zake, ulikuwa bado unajikwaa kwenye aya ya mwisho, nami nilijua. Badala ya kukwambia kaa, futa, rudia, niliupamba kwa wino wa rangi nikakutuma nyumba kwa nyumba, ukarudi na mayai arobaini ya hongera ukamringishia mdogo wako. Ukajifunza nini? Kwamba mwenye akili hajikwai. Basi katika shule ya mjini hesabu ya kwanza ilipokushinda, ulirudi nyumbani ukisema tumbo linauma, na tumbo hilo, mwanangu, halijapona mpaka leo.

Bassou, wewe nilikuita Jiwe. "Jiwe halioti hata ulimwagilie," nilisema, chuo kizima kikacheka, nawe ukacheka nao ili usilie. Uliniamini. Mtu anayejua kila tone la mfereji huu linapita wapi, leo anatia dole gumba kwenye karatasi! Nisamehe. Na usiniambie, "Yameisha, baba." Hayajaisha.

Hayajaisha kwa sababu jana nilimsikia kaka yako uani akimwambia mkewe, "Tilila mbumbumbu tu, miaka minane hawezi kusoma mstari, Ijumaa namtoa shule akachunge mbuzi." Maneno hayo ni yangu, Idder, umeyaokota kinywani mwangu. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini uongo wangu umefika hadi kwa mjukuu.

Tilila, njoo kwa babu. Baba yako yu hai, kwa hiyo wewe si mrithi wangu, na ndiyo maana sheria inaniruhusu kukuusia: ubao ni wako, mbele ya mashahidi hawa. Chukua kalamu, andika jina lako. Usiogope... Idder, nyamaza! Amekosea, ndiyo, nimeona, macho yangu hayajafa. Usimshike mkono. Wala usimdanganye kwamba ana akili kuliko wenzake, kama nilivyokudanganya wewe. Mwambie afute.

Maji hayo, kwenye bakuli. Mimina wewe, Idder, si mama yake. Na unapomimina umwambie mwanao aya ipi ilikushinda, akusikie kwa masikio yake. Ijumaa umpeleke shule kwa miguu yako, na Ijumaa ijayo, na inayofuata.

Mnizike makaburi ya juu, kando ya mama yenu. Asije mtu akasema pale kwamba nilisikia mara moja.

Radhi zangu mnazo nyote wawili. Bassou, pana nafasi hapo ubavuni mwa mtoto... kaa. Nawe ushike kalamu. Mungu awape... Mungu awape... Neno limenipotea. Ngojeni. Msinisaidie... Naanza tena.