Mlango Tuliowapelekea Wahadzabe

Mheshimiwa Kanoni, Mheshimiwa Sheha wetu, Bwana Muhiddin, uliyeacha shughuli zako kuja kukaa nasi, wazee wa parokia, majirani zetu Waislamu, ambao hamjapata kukosekana katika furaha wala msiba wetu, ndugu wageni waalikwa, na wewe mwenyewe, Mwinjilisti Alfrida Songoro, uliyekaa hapo mbele umekunja mikono: Bwana asifiwe, na assalaam alaykum.

Nimepewa kazi ya kusema machache ya kuagana, na mwanzo tu umenishinda, kwa sababu sijui tunamuaga nani. Je, tunamuaga mtumishi anayerudi kituoni kwake, au binti yetu anayekwenda kwa hiari yake mahali ambapo sisi hatuna tena kituo? Halmashauri ya parokia ilikutana juzi kuamua kama aendelee kutumwa, kura zikagawanyika sawasawa, ikabaki ya mwenyekiti. Mwenyekiti ni mimi. Niliomba nipewe mpaka leo. Niwieni radhi basi nikieleza kwa kirefu. Nilisomesha skuli maisha yangu yote, na jambo nisilolielewa siwezi kulisema kwa ufupi.

Wahadzabe ni watu wa bara, kando ya Ziwa Eyasi. Wapo wengi ambao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Vibanda vyao ni vya nyasi, na hawana mkubwa wa kuwaamuru. Tulimtuma Alfrida kwenye kambi yao moja miaka michache iliyopita. Alijifunza lugha yao kwa kuchekwa, akala walichokula, na ikafika siku kambi nzima ikakaa naye kusali. Habari zilipotufikia tulifurahi, na kwa furaha ile tukasema: sasa wapate kanisa. Hatukuuliza kanisa la namna gani. Sisi tuliozaliwa mji huu, kitu kisichojengwa kwa mawe hatukihesabu kuwa kimejengwa. Likajengwa la mawe. Kisha tukaona halijatimia, tukamwendea fundi Mansour, akatuchongea mlango wa mfenesi wenye maua na misumari ya shaba. Ukapanda meli, ukapanda lori, ukafika.

Jirani yetu Bi Riyama, yuko pale anacheka, aliniuliza siku ule mlango unapakiwa: "Mwalimu, hao watu si ulisema nyumba zao hazina milango?"

Nikamjibu: "Ndiyo maana tunawapelekea, Bi Riyama."

Akasema: "Haya. Na kufuli mmetia?"

Tulikuwa tumetia.

Mwaka huu, baada ya mvua za masika, akafariki bibi mmoja wa kambi ile, aliyekuwa wa kwanza kumkaribisha Alfrida. Walimzika, na baada ya kumzika wakaondoka wote. Desturi yao ni kwamba palipofia mtu hapakaliwi. Waliacha vibanda, wakaacha majivu, wakaliacha na kanisa. Huku kwetu habari zikafika kwamba Wahadzabe wameikimbia imani, na Alfrida akaitwa nyumbani kujieleza.

Nataka msikie alivyojieleza, maana nilikuwepo. Mzee Hilari, kaka yangu katika Halmashauri, ndiye aliyeuliza.

"Wamelikimbia kanisa?"

"Hawakukimbia, Mzee. Wamefiwa, wakahama."

"Na msalaba wa ukutani?"

"Waliuacha."

"Umeona! Waliuacha."

"Waliacha na vyungu vyao, Mzee, na chakula hawajaacha kupika."

"Basi hizo Jumapili mnakusanyika wapi?"

"Nnapowakuta."

Mzee Hilari akanitazama mimi, nami nikatazama karatasi zangu, ambazo hazikuwa na kitu. Alfrida akaongeza kwamba mzee mmoja wa kule, mwindaji, alimuuliza: "Huyo Mungu wenu anaogopa kulala nje?" Nikamuuliza alimjibu nini. Akasema: "Nilimwambia nitakwenda kuwauliza walionituma."

Ndugu zangu, tumeulizwa. Nani kati yetu ana jibu? Sisi wafu wetu tunakaa nao. Mnapoingia kanisani mnapita makaburi, na kwetu kuheshimu ni kubaki. Kwao kuheshimu ni kuondoka. Nani anayeomboleza vizuri? Na kama sala ilikuwa inatosha pale chini ya jua, sisi mlango ule tuliupeleka kwa ajili ya nani?

Nazidi kuchanganyikiwa nikijitazama mwenyewe. Bibi yangu mzaa baba alilelewa Mbweni na wamisionari baada ya kutolewa utumwani. Walimvisha, wakamsomesha, wakampa jina jipya. Lile alilokuja nalo hakuna aliyelihifadhi. Mimi ninayesimama hapa ni tunda la kazi ile. Siwezi kuikana, wala siwezi kusema kwamba hakuna kilichopotea. Sasa mimi ndiye ninayetuma watu kwa wengine. Nawapelekea nini, na nawaondolea nini? Sijui. Alfrida naye nilimuuliza, akasema hajui, ila huko amezoea kutojua.

Niseme kura yangu. Waliopinga wana hoja, tena nzito: tutamtumaje mtu kwenye kituo kisicho na watu? Sikupata la kuwajibu, na sitawadanganya kwamba nimelipata hapa nikiwa nimesimama. Nnalolijua ni kwamba alipowafuata mpaka kambi mpya, walimgawia nyama kabla hajakaa. Watu wanaomkimbia mtu hawamuwekei fungu lake. Kwa hiyo aende, na atumwe na sisi. Asijengewe jengo jingine.

Kabla hatujaingia ukumbini, Kanoni alinishika mkono akaniuliza: "Mwalimu, ikiwa ni ndiyo, sala ya kumtuma hutaja mahali. Nitaje wapi?" Nikajifanya namsalimia mtu.

Kanoni, nakujibu sasa mbele ya wote. Usitaje mahali. Sema anatumwa kwa Wahadzabe, popote watakapolala leo.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia. Alfrida, mwanangu, inuka uombewe.