Mwalimu Hodi na Karatasi Zake Tatu

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu Mwalimu Hodi anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha, yote katika shule yetu. Miaka kumi na tisa kati ya hiyo amekuwa pia mwalimu wa ushauri nasaha. Mwalimu mkuu ameniomba mimi, mkutubi, niandike wasifu wake, nami nakiri mapema kwamba kazi hii imenichanganya. Wasifu wa mwisho nilioandika ulikuwa wa mume wangu, nao ulisomwa kaburini mwaka jana. Mkono umezoea vibaya. Katika rasimu ya kwanza niliandika "marehemu" mara mbili mahali pa "mstaafu". Mwenyewe aliiona, akacheka mpaka miwani ikamponyoka. "Bado nipo, dada," akasema. "Lakini zile sifa usizifute."

Aliajiriwa kufundisha biolojia. Kipindi cha ushauri, cha mwisho kila Ijumaa, alipewa kwa sababu hakuna aliyekitaka. Vijana wamechoka, wananong'onezana, na mada yenyewe ni mapenzi, mipaka, na namna ya kumtambua mtu anayekutumia vibaya. Siku ya kwanza aliandika ubaoni RIDHAA kwa herufi kubwa, akaeleza nusu saa nzima kwamba bila ridhaa hakuna ruhusa ya kumgusa mwenzako. Mvulana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza kwa heshima zote: "Samahani mwalimu, huyo Ridhaa yuko kidato gani?"

Darasa lilivunjika mbavu. Mwalimu alipita maktaba jioni hiyo hajui acheke au alie. Aliniambia watoto hawana kosa, ila yeye ndiye aliyewaletea neno lisilo na kwao.

Ijumaa iliyofuata alitoka nje, akafunga mlango, akapiga hodi. Darasa zima likaitikia, "Karibu!" Akachungulia, akauliza: je, wangekaa kimya, angefanyaje? Angepiga tena, wakasema. Na ya tatu wakikaa kimya? "Unarudi zako, mwalimu!" Somo likawa limeanza. Ukimya si karibu. "Nani?" si karibu, wala "subiri". Aliyekaribishwa sebuleni hajakaribishwa chumbani. Karibu ya jana ni ya jana. Karibu ya mtu anayeogopa haihesabiki. Na mgeni akiambiwa aondoke, anaondoka, hata kama chai imeshamiminwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lake, ila Hodi.

Alikuwa na boksi la viatu alilolitoboa tundu juu, wanafunzi watumbukize maswali bila majina. Siku moja alifungua karatasi, akaisoma kimoyomoyo, kisha kwa sauti: "Nilimwambia subiri. Hakusubiri. Je, kosa ni langu?" Aliweka chaki chini. Akajibu: "Kosa si lako. Chumba changu kiko wazi, na ukija si lazima useme neno." Jumatatu msichana mmoja alikuja. Aliyemdhuru alikuwa mtu mzima aliyelipwa kumfundisha masomo ya ziada nyumbani kwao. Mengine ni ya msichana mwenyewe, siyaandiki. Inatosha kusema kwamba yule mtu alifikishwa mbele ya sheria, na msichana leo ni muuguzi. Akimpigia simu mwalimu, haanzi na "halo". Anaanza na hodi.

Mimi nilimwelewa vizuri baada ya kufiwa. Watu waliingia kwangu moja kwa moja, kwa upendo, wakahamisha viti, wakakunja nguo za mume wangu. Mwalimu Hodi alikuja kila jioni, akapiga hodi mara tatu, kisha nikasikia viatu vyake vikirudi. Siku kumi na moja. Ya kumi na mbili nilisema karibu, na mpaka leo sijui kwa nini siku hiyo. Aliingia, akasimama katikati ya sebule, akaniuliza: "Nikae wapi?" Hakuna mwingine aliyeuliza. Kiti cha mume wangu kilikuwa kitupu.

Sasa ndipo ninapochanganyikiwa zaidi. Wiki mbili zilizopita nilikuta mezani kwangu ufunguo wa chumba cha ushauri, lile boksi la viatu, na karatasi yenye neno moja: "Hodi?" Mwalimu mkuu amesema asipopatikana mtu, kipindi kitakuwa cha hesabu. Lakini mimi ni mtu wa kubandika namba kwenye vitabu. Sijawahi kusimama mbele ya darasa. Nilinyamaza. Wiki iliyopita ikaja karatasi ya pili. Leo asubuhi ya tatu. Na namjua: ya tatu ikikosa jibu, hanung'uniki, hakasiriki, anarudi zake.

Mwalimu, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa watoto waliojifunza kuuliza na waliojifunza kukataa. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na wageni wanaobisha hodi kabla ya kuingia. Sijui nitaanzaje Ijumaa ijayo. Nadhani nitatoka nje, nifunge mlango.

Na kuhusu karatasi zako tatu: karibu.