Dakika Sabini na Mbili

Nje ya duka la kompyuta la Mbuthia, pale Adams Arcade, kuna benchi moja na thamosi moja ya kahawa. Wanaokaa hapo humwita Mbuthia Daktari. Sifuna, mchonga funguo, ni Spika, kwa kuwa hakuna mjadala unaofungwa kabla hajasema neno la mwisho. Mwololo, fundi wa stima, ni Transfoma. Ijumaa hiyo ya mwaka 2007, saa tisa na nusu mchana, mwalimu Lornah wa chekechea alikuwa mlangoni, akitazama kompyuta kuukuu ya Mbuthia ikinakili video ya mchezo wa kuigiza wa watoto wa darasa lake kwenye flashi. Studio ya Westlands iliyokuwa itengeneze DVD ingefungwa saa kumi na moja. Kompyuta ilisema zimebaki dakika sabini na mbili.

— Daktari, na hii jam ya Ijumaa, nitafika washafunga, alisema Lornah.

— Pole, mwalimu. Hii mashine ni ya tisini na nane. Inajikaza tu.

— Kesho ni siku ya wazazi. Niko na mtoto anaitwa Shem. Mwaka mzima hajaongea darasani. Kwa mchezo akasimama, akasema, “Mimi ni mvua.” Mamake anafanya kazi kwa nyumba ya watu huko Loresho, hakuona. Off yake ni kesho pekee.

Benchi likaanza kusaidia.

— Ni stima, alisema Transfoma. Saa hii matajiri wa Loresho wanapiga pasi. Sisi tunabakishiwa makombo.

— Stima gani, buda? Spika alidakia. Flashi iko baridi. Ipashwe joto kwa kwapa.

— Ukiichomoa tunaanza upya, alisema Daktari.

— Basi fupisha jina ya video, alisema Spika. “Mchezo wa Watoto wa Mwalimu Lornah.” Maneno yote hayo yapite kwa hako kashimo?

— Inueni mashine, Transfoma akaamua. Mzigo unateremka haraka kuliko kupanda.

Wakaiinua kweli, taratibu kama mgonjwa, wakaiwekea vitabu viwili vya simu. Dakika zikawa sabini na nne.

— Zimeongezeka, alisema Lornah.

— Imeshtuka, alisema Spika. Itazoea.

Hapo akaingia mama mmoja, Caren, aliyetaka kutolewa kopi ya kitambulisho. Mashine ilivyoinuliwa, mgongo wake ulikuwa usawa wa macho ya Caren.

— Na hizi shimo mbili zimefungwa plastiki ni za nini?

— Hiyo ni kadi mpya, Daktari alijibu kwa fahari. Nilizunguka maduka ya tao nzima nikiitafuta. Hiyo ndiyo ya kasi.

— Na flashi mmeweka wapi?

— Kwa shimo ya zamani.

— Mbona?

— Hii mpya isiingie vumbi. Naitunza.

— Unaitunzia nani?

Daktari akamtazama Transfoma. Transfoma akamtazama Spika. Spika akachukua thamosi, akaitikisa, akaikuta tupu.

Polepole, kwa kucha moja, Daktari akabandua plastiki. Wakaanza upya. Dakika nane.

Saa kumi kasoro dakika tano Lornah alivuka barabara, flashi imo ndani ya ngumi yake. Daktari akamtolea Caren kopi yake, akapuliza yale mashimo mawili, akainyoosha plastiki juu ya goti, akairudisha mahali pake.