Mlinzi wa Reli Aliyeomba Pistoli Nyepesi

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, majirani Waislamu wa mtaa wetu mliofunga maduka yenu ili mje kukaa nasi, wafanyakazi wa reli, ndugu wote mliofika Kamina kutoka Luena na Kabondo-Dianda, mimi ni Matthias, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya yaya yetu, yaani kaka yetu mkubwa, Ézéchias Ngoie Mwanza, ambaye tunamzika leo.

Yaya Ézéchias alizaliwa Kabondo-Dianda tarehe 11 Machi 1938, mtoto wa kwanza wa baba yetu Ngoie Lazare, mvuvi, na mama yetu Béthanie, na alipofika umri wa kusoma alipelekwa Kamina kwa shangazi yetu, akaingia shule ya misheni ya Kimethodisti, akajifunza kusoma Biblia ya Kiluba, hesabu na Kifaransa, na walimu wake walimkumbuka kama mwanafunzi asiyependa kubishana lakini aliyekataa kabisa kusema uongo, hata pale uongo ungemwokoa fimbo.

Mwaka 1957 aliajiriwa katika reli kama mpakiaji wa mizigo, na mwaka 1963 akahamishiwa kikosi cha walinzi wa treni, akapewa kofia, filimbi na pistoli kubwa nyeusi, nzito kama nyundo, na kwa miaka zaidi ya thelathini alisindikiza treni za abiria na mizigo kutoka Kamina kwenda Luena, na mara nyingine kwenda Kabalo. Katika miaka hiyo yote, mpaka siku moja nitakayowasimulia, hakuwahi kumpiga mtu risasi, na hilo alilitaja kwa furaha kuliko medali aliyopewa.

Tarehe 4 Agosti 1962 alifunga ndoa na Mama Léonie, binti wa mwalimu, katika kanisa hili hili, na Mungu akawapa watoto watano, Nicodème, Séraphin, Amida, ambaye alipewa jina la jirani Mwislamu aliyemzalisha Mama Léonie mvua ilipofunga njia ya kwenda hospitali, Lazare, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 1979, na kitinda mimba Béthanie.

Ugonjwa wake ulianza mwaka 1994, ukaanzia mikononi. Kwanza alishindwa kufunga vifungo vya shati, kisha kikombe cha chai kikamponyoka mbele ya wakwe wa Séraphin, naye akacheka kama kwamba ni ajali tu, lakini Mama Léonie hakucheka, kwa sababu alikuwa ameshaona jinsi nyama ya kati ya kidole gumba na kidole cha pili ilivyoanza kuisha. Daktari alisema ni mishipa ya fahamu inayokufa polepole, na kwamba hakuna dawa ya kuirudisha.

Katika mwezi wa Juni 1996, walinzi walipopelekwa kupiga shabaha nyuma ya karakana, yaya alishika pistoli yake, akajaribu kuvuta kile chuma cha juu kinachorudishwa nyuma ili risasi iingie, na hakikusogea, akajaribu kwa mkono wa pili, akajaribu akiwa ameibana tumboni, na wenzake wote wakiangalia. Angeweza kunyamaza, maana wako waliobeba silaha mbovu miaka mingi bila mtu kujua, na mshahara ulikuwa unaingia. Yeye alimwendea mkuu wa walinzi, Bwana Shafii, ambaye yuko hapa kati yetu, akamwambia mbele ya wote:

“Chef, hii chuma inanishinda. Vidole yangu inakatala. Siku nitashindwa kuivuta, batu benye kuwa mu treni njo batalipa. Unipatie ingine yenye iko mwepesi, ao unitoe mu kazi.”

Mlinzi mmoja akasema kwa sauti, “Mzee anatafuta pistoli ya bamama!” na wengine wakacheka, lakini Bwana Shafii akajibu, “Miye nimeona bengi benye kuficha. Huyu njo wa kwanza kusema.” Akaenda mwenyewe stoo, akarudi na pistoli ndogo iliyoachwa na inspekta mmoja aliyestaafu, ambayo mtutu wake huinuka upande wa nyuma kwa kusukuma kitufe kwa kidole kimoja, risasi inawekwa kwa mkono, mtutu unashushwa, na hakuna chuma cha kuvuta.

Yaya aliizoea taratibu, akiishika kwa mikono miwili, huku ameegemea kitu, naye alijua udhaifu wa pistoli ile, kwani jioni ya siku aliyopewa alimwambia Mama Léonie, “Hii haiogopeshe muntu. Sasa nitapaswa kusema muzuri na batu.”

Vita ya kwanza, ile ya mwaka 1996, ilipita, ya pili ikaanza mwaka 1998, na treni zikajaa watu waliokimbia na magodoro na kuku zao. Tarehe 16 Februari 1999, mchana, treni iliyokuwa ikitoka Luena kuja Kamina iliharibika porini, na watu watatu wakatoka kwenye majani marefu, mmoja na bunduki, wawili na mapanga, wakataka abiria wa behewa la mwisho washuke na kuacha kila kitu. Yaya alisimama mlangoni mwa behewa, akawaambia, “Batoto yangu, kama muko na njaa, tutapatia ninyi bunga na samaki. Lakini batu babakie.” Wale wawili wa mapanga walisimama, wakatazamana, na nadhani wangekubali, lakini mwenye bunduki alimvuta chini Mama Asma, mfanyabiashara wa chumvi tunayemfahamu sote, na alipokataa kuachia mzigo wake, akamwelekezea bunduki kifuani.

Yaya aliegemeza mikono yake miwili kwenye nguzo ya mlango, akapiga mara moja. Risasi iliingia pajani mwa kijana yule, bunduki ikaanguka, msaidizi wa dereva akaiokota, na wale wawili wakatupa mapanga wakakimbia.

Hapo abiria walishuka kwa hasira, wakaokota yale mapanga ili wammalize yule kijana, na yaya yetu akashuka akasimama juu yake, akasema, “Hapana. Hii treni iko yangu mpaka Kamina, na huyu naye amepanda.” Damu ilikuwa inatoka sana, mkanda wa kufunga mguu ulikuwepo, lakini vidole vyake havikuweza kufunga fundo, akamgeukia Mama Asma, akamwomba afunge yeye.

“Miye?” akasema Mama Asma. “Huyu alitaka kuniua!”

“Njo weye, mama. Mikono yangu haiwezi.”

Mama Asma alilia kwa hasira, kisha akapiga magoti, akafunga, akakaza kwa kitenge chake mwenyewe. Kijana yule alifika hospitali akiwa hai, yaya alimtembelea kila Jumapili baada ya ibada, na alipopona alikabidhiwa kwa wenye sheria, na baadaye tulisikia kwamba aliachiwa akarudi kwao kaskazini akitembea kwa fimbo, na zaidi ya hapo hatujui habari zake.

Yaya hakujisifu kwa siku ile, alikaa wiki nyingi bila kuimba kanisani, na mwezi wa Mei, kidole chake kiliposhindwa hata kile kitufe, alimrudishia Bwana Shafii pistoli ile ndogo, akaacha kazi. Ugonjwa ukapanda mabegani, kisha kifuani, naye akatutoka nyumbani kwake, tarehe 21 Novemba 1999, asubuhi, Mama Léonie akiwa amemshika kichwa, na yaya alikuwa na umri wa miaka sitini na moja. Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliotueleza ukweli bila kutuficha, Bwana Shafii na walinzi wote, pamoja na yule aliyemtania siku ya shabaha, ambaye jana alichimba kaburi hili tangu alfajiri, majirani waliotuletea maji na kuni, na Mama Asma, aliyekuja kila Jumamosi kumkata kucha na kumsimulia habari za soko.

Yaya Ézéchias, umefika. Shuka, upumzike kwa amani.